Nyundo Zilizolewa Mafuta

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nimemaliza sketi nne za sare, mapindo yamenyooka kama yamepigwa rula. Sijisifu. Nasema tu kilichopo.

Barua imefika! Mtahini wa chuo cha muziki atakuja kumsikiliza mwanangu Vidole Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Nafasi ni moja, waombaji wawili. Vidole ana miaka kumi na mitatu. Jina hilo nilimpa mimi siku aliyozaliwa, nilipomwona ananyoosha vidole kama mtu anayedai chake. Nesi akasema watoto wote hufanya hivyo. Nesi yule hakujua anaongea na mama wa nani.

Barua inasema mtahini atakwenda palipo na piano. Jengo letu lina piano mbili. Moja ni yetu, ya zamani, tuliachiwa na shangazi wa mume wangu. Nyingine iko ghorofa ya juu kwa Mama Ghorofani, mpya, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Na mwombaji wa pili ni nani? Binti yake!

Nikapanda ngazi mbio kabla hajaniwahi. Nikamwambia kwa upole kwamba watoto wote wawili watatahiniwa sebuleni kwangu, maana piano yetu ina historia. Akaniuliza kama hiyo historia inatoa sauti. Nikacheka. Usoni tu.

Nimeshuka, namkuta Vidole amenuna. Anasema vibao vya piano vimekuwa vizito. Unakibonyeza kimoja, kinakwenda chini, hakirudi, kimekaa hukohuko kama mgeni aliyeonja kochi. Nikamwambia piano haijui uvivu, uvivu ni wa mikono. Nikakaa mwenyewe kumwonyesha. Nikabonyeza vitano.

Vikabaki chini vyote vitano.

Nikavinyanyua kwa kucha, kimoja kimoja. Vidole ananitazama tu, mikono nyuma. Mtoto ana adabu huyu. Kaitoa kwangu.

Jumanne, 4 Novemba

Baba Vidole, kabla ya kwenda kazini, kanishauri nimwite mzee wa mtaa wa nyuma anayetengeneza piano, yule wanayemwita Fundi Sikio. Mimi! Nimwite fundi! Nikamkumbusha kwamba fundi ndani ya nyumba hii yupo, na kamwoa mwenyewe kwa hiari yake. Cherehani yangu ina miaka ishirini na miwili na haijaguswa na mkono mwingine.

Alipotoka tu, nikafungua piano kwa bisibisi ya cherehani. Lo! Kumbe ndani ni kiwanda. Kila kibao kina kijiti chake, kila kijiti kinasukuma nyundo ndogo yenye kichwa cha sufu, na kila nyundo imeshikwa kwenye kiungo. Katikati ya kiungo imepita pini nyembamba kama sindano, na pini imezungushiwa kitambaa chekundu, kidogo hivi, hata kifungo cha shati hakifuniki. Ukibonyeza, nyundo inatakiwa kuruka, ipige waya, irudi. Zetu zinaruka kama mtu anayeamshwa kwenda shule. Zinakwenda, zinawaza, ndiyo zinarudi. Nyingine zinawaza moja kwa moja.

Ugonjwa nikaujua palepale. Kiungo kikikaza, dawa yake mafuta. Hata goti.

Nikachukua kopo la mafuta ya cherehani. Viungo themanini na nane, kila kimoja tone moja. Halafu nikaona tone moja ni uchoyo. Nikaongeza la pili. Waliozidi ukaidi nikawapa la tatu, washibe.

Matokeo! Nyundo zinaruka kama panzi! Vidole karudi kutoka shule, kapiga wimbo wake wa mtihani mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Nikafungua madirisha yote ili walio juu nao wafaidi. Mvua ikaingia ndani, shauri yake.

Jioni nikamsimulia Baba Vidole. Akasema tungoje kesho, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamjibu kwamba hakuna aliyenisifu, nimejisifu mwenyewe, kwa hiyo methali hiyo hainihusu.

Jumatano, 5 Novemba

Msiba.

Vile vitambaa vyekundu vimekunywa mafuta, vimevimba, vimezikaba pini. Nyundo thelathini na moja zimeganda hewani. Nimezihesabu mara mbili. Zimenyoosha shingo kama watu wanaochungulia ugomvi wa jirani.

Sikupoteza kichwa. Nikajiuliza: kitambaa kikilowa, mshonaji hufanya nini? Hupiga pasi! Nikawasha pasi ya mvuke. Ncha yake haikuingia kwenye viungo, basi nikafanya kama ninavyofanya suti za sufu: nikatandika kitambaa kibichi juu ya nyundo, nikashusha mvuke mwingi, shhhh, toka upande wa sauti nene mpaka upande wa sauti nyembamba. Piano ikatoka jasho. Nikaiambia vumilia, ndiyo dawa inaingia.

Zilizoganda sasa ni arobaini na sita. Na moja imeng'oka kichwa, kikabingirika chini ya kochi. Nimekitia kwenye kopo la vifungo.

Saa tisa Mama Ghorofani kateremka, kajitanda khanga mpya. Kasema kasikia kimya kwetu, akaingiwa na huruma. Kama piano yetu ina mafua tusione haya, mtihani ufanyike kwake, ameshanunua hata maua. Nikamwambia asante dada yangu, hapa hakuna mafua, Vidole anapumzisha mikono, wapigaji wakubwa wote hupumzika katikati ya wiki. Palepale nyundo moja ndani ya piano ikaanguka. Tok!

Akauliza nini hiyo. Nikasema panya.

Kwa nini nilisema panya? Sasa jengo zima linajua tuna panya. Mama wa chumba cha nne kaniletea mtego.

Vidole karudi, kainua kifuniko, kaona, kafunika. Hakulia. Kachukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa, kachora vibao vyeupe na vyeusi juu ya meza ya kukatia, kaanza kupiga meza. Anahesabu kwa midomo. Anatikisa kichwa kana kwamba anasikia.

Nikatoka nje kuona kama nguo zimekauka. Mvua ilikuwa inanyesha, na kambani hapakuwa na nguo. Nilitoka tu.

Alhamisi, 6 Novemba

Asubuhi nimekwenda juu kupeleleza. Nimebeba futi kamba, nikasema nimekuja kumpima mapazia bure, zawadi ya ujirani. Mama Ghorofani akashuku lakini neno bure lilimzidi nguvu.

Nikapima dirisha moja, nikapima la pili, nikajikuta nyuma ya piano. Nikaona nini? Waya! Waya wa umeme unatoka tumboni mwa piano mpaka ukutani! Nikachungulia kwenye upenyo. Kuna taa inawaka ndani! Piano ya umeme! Inajipiga yenyewe! Binti anakaa tu pale mbele kupunga mikono!

Nikashuka ngazi mbilimbili, nikampigia simu Baba Vidole kazini. Nikamwambia tumewakamata. Akasema kwamba hiyo ni balbu ya kukausha unyevu, kila mwenye piano kwenye mvua huiweka, na aliyewawekea ni Fundi Sikio, na kama ningemwita Fundi Sikio tangu Jumanne... Simu ikakatika. Niliikata mimi, lakini ikakatika.

Sikutaka kumwita. Nakiri. Miaka yote nimewaambia watu hakuna kitu kilichoharibika kikanishinda. Lakini mchana Vidole kaniambia, bila kulaumu, kwamba meza ni nzuri ila sehemu ya katikati ya wimbo mikono inaanza kuisahau, maana meza haisukumi kidole kurudi. Kasema vivyo hivyo tu, huku anamenya chungwa. Angenilaumu ningejitetea. Nina maneno mengi ya kujitetea.

Nikavaa koti la mvua, nikaenda mtaa wa nyuma. Nikamweleza Fundi Sikio kwamba kuna rafiki yangu, mimi simo, ana piano yenye viungo vizito. Mzee akaniangalia mikono. Akanusa. Akauliza kama huyo rafiki anatumia mafuta ya cherehani.

Kaja. Kweli ni Fundi Sikio: kabla hajafungua kitu, kaegemeza sikio kwenye ubao, kabonyeza kimoja, kafumba macho kama daktari. Halafu akafungua. Akakaa chini. Akaomba maji ya kunywa. Ndipo akauliza nani kafanya haya. Nikajibu fundi mmoja wa mtaani, mlevi, tumeshamfukuza. Vidole akakohoa.

Akatueleza. Kile kitambaa chekundu ni sufu. Hewa ikiwa na unyevu, sufu huvimba, hubana pini, nyundo inakuwa nzito. Mafuta ndiyo huharibu kabisa, maana sufu huyanywa haiyatoi. Akasema piano si cherehani, chuma kwa chuma hutaka mafuta, chuma kwa kitambaa hakitaki. Kisha akashangaa unyevu mwingi hivi umetoka wapi, mvua peke yake haitoshi. Akageuza macho taratibu. Meza yangu ya pasi, hatua moja kutoka kwenye piano. Pasi ya mvuke. Vitambaa vibichi vya kupigia pasi, saba, nimevianika juu ya kifuniko cha piano, kama ninavyofanya kila siku ya Mungu.

Baba Vidole alikuwa ameshafika. Akatazama dari.

Nikasema lazima ni wale panya.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku kubwa! Fundi Sikio karudi saa moja asubuhi. Jana aliosha mafuta kwa benzini, ileile ninayoondolea madoa ya nguo, kiungo kwa kiungo, madirisha wazi na jiko limezimwa. Leo kaja na chupa ya spiriti iliyochanganywa na maji na bomba dogo la sindano. Kwenye kila kiungo kizito anatia kitone, tena kidogo, unahitaji miwani kukiona. Nikamwambia atie cha pili. Akasogeza chupa upande wa pili.

Nikamwuliza maji tena ya nini, wakati unyevu ndio ulioleta balaa. Akasema ndiyo siri yenyewe. Sufu ikilowa ndani ya kile kitundu haina pa kuvimbia, inajibana. Spiriti inaikausha upesi. Ikikauka inanywea, inaiachia pini nafasi. Kitambaa kinapungua, tundu linaongezeka, nyundo inapumua.

Weee! Hilo mimi nalijua zamani! Si mwaka juzi tu nilifua kwa maji ya moto sweta ya mwenye duka la dawa, ikatoka inamtosha mjukuu wake? Nikamwambia Fundi Sikio kwamba kumbe elimu yake yote ninayo, nilikuwa sijaipanga tu. Akasema bila shaka, mama.

Viungo kumi na viwili vilikuwa havifai tena, vinataka kitambaa kipya. Mzee akaanza kukata vipande, macho yamechoka. Nikamnyang'anya mkasi. Nikakata vijipande kumi na viwili, vyembamba kama jani la mchaichai, vyote sawasawa. Akaviweka kimoja kimoja kwenye kiganja, akaviangalia, akasema yuko ndani ya piano miaka arobaini na hajapata kuona mkasi kama huu.

Miaka arobaini! Hajapata kuona! Nimemwambia Baba Vidole mara tatu. Nimemwambia na mama wa chumba cha nne, nilipokwenda kurudisha mtego.

Jioni nyundo themanini na tano zinakwenda vizuri. Kile kichwa kilichong'oka kimegundishwa. Tatu bado zina usingizi. Fundi kasema zinahitaji siku nyingine za kukauka, hata yeye hawezi kuzikimbiza. Kaweka balbu ndani. Kaihamishia pasi yangu jikoni kwa mikono yake mwenyewe, na kaniomba nisiguse kitu, na kama inawezekana nisiipumulie piano. Baba Vidole kaficha kopo la mafuta. Anadhani sijui liko wapi. Liko kwenye buti lake la kulia.

Vidole kapiga mpaka chakula kikapoa. Vile vitatu vya usingizi viko katikati hasa ya wimbo wake. Bahati gani hii!

Jumamosi, 8 Novemba

Saa nne kamili. Mtahini ni mwanamke mfupi, mpole, koti la mvua, kalamu mbili. Nikampa kiti kizuri. Nikaanza kumweleza habari za Vidole tangu tumboni. Akasema ahsante mama, tumsikilize.

Wa kwanza binti wa Mama Ghorofani. Nitasema kweli ingawa inauma: mtoto anapiga! Mgongo umenyooka, sauti safi. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Kafika katikati, kabonyeza kimoja kati ya vile vitatu. Kikaenda chini. Kikalala. Mtoto akasimama, akakitazama kana kwamba kimemtukana, machozi yakamjaa. Mama Ghorofani akanikata jicho ambalo bado nalisikia mgongoni. Nikamletea mtoto maji, nikampangusa uso. Si kosa lake. Mtahini akasema asihofu, atapanda naye juu amsikilize tena kwenye piano yake mwenyewe. Haki kabisa. Kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba wana ile balbu.

Halafu Vidole.

Nilikaa juu ya mikono yangu. Kaanza polepole, nikamjua, ndivyo anavyoanza akiwa na hofu. Wimbo ukapanda. Tukafika katikati. Kibao cha kwanza cha usingizi kikaenda chini, kikabaki. Moyo wangu nao ukaenda chini, ukabaki. Lakini Vidole hakusimama! Kidole chake kidogo kikapita kando, kikakinyanyua kibao kama mtu anayeokota sindano, huku vidole vingine tisa vinaendelea na safari. Cha pili, vilevile. Cha tatu akakinyanyua kwa dole gumba. Hesabu haikuyumba hata chembe. Baba Vidole alikuwa amenishika bega. Bega lenyewe bado linaniuma.

Alipomaliza, mtahini akaweka kalamu zote mbili chini. Akasema kasikiliza watoto wengi, hajamwona anayepiga piano na kuitengeneza kwa wakati mmoja. Akauliza nani kamfundisha kunyanyua kibao bila kupoteza mwendo.

Vidole akasema, mama.

Sikujua nitazame wapi. Nikatazama mapazia. Yanahitaji kufuliwa.

Jumanne, 18 Novemba

KAPATA! Vidole kapata nafasi! Barua ninayo hapa, nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Binti wa Mama Ghorofani naye kaambiwa ataingia muhula unaofuata. Nikapanda kumpongeza mama yake. Tukakumbatiana. Akasema piano yetu kweli ina historia. Nimeamua hiyo ilikuwa sifa.

Barua inasema wazazi wote wawili wanaalikwa chuoni Jumamosi kwenye sherehe ya kuwapokea wanafunzi wapya. Mavazi ya heshima.

Ijumaa, 21 Novemba

Kesho ndiyo sherehe. Gauni langu tayari, nimelishona mwenyewe, nikiingia pale watajua kaingia mama wa nani. Tatizo ni Baba Vidole. Suti yake ya heshima ni ile ya ndoa yetu, na tangu ndoa yetu amekuwa akila vizuri. Leo asubuhi kaijaribu. Koti halifungi. Suruali imegoma kiunoni, pengo la vidole vinne. Kasema nimfungulie mishono, nimpanue kidogo. Nikatazama ndani: hakuna kitambaa cha ziada hata uzi.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nikasoma kibandiko. Sufu tupu!

Mambo yenyewe nimeyaona kwa macho yangu, tena kwa mtu wa miaka arobaini katika kazi. Sufu inalowekwa kwa maji na spiriti, inakauka, kitambaa kinapungua, tundu linaongezeka. Na kiuno cha suruali ni nini kama si tundu? Vitone nimeona ni kupoteza muda. Nimechanganya ndoo nzima, nikaitumbukiza suti yote, koti na suruali, nikaikamua. Nje bado mvua, basi nimeianika sebuleni juu ya piano, ipate lile joto la balbu. Nimeweka na pasi karibu, kwa msaada.

Nimetoka kuitazama sasa hivi. Mikono ya koti imekuwa mifupi kidogo, na miguu ya suruali nayo imepanda. Hiyo ndiyo dalili yenyewe: kitambaa kimeanza kupungua. Bado tundu tu.

Baba Vidole yuko bafuni. Anaoga. Anaimba.